Kuchambua Michezo ya Waskoti



Neno kuchambua mwalijua tangu utoto. Mama huchambua mboga, akiyatupa majani yaliyooza na kuyabakiza yaliyo mazuri. Mkulima huchambua pamba, akitenga mbegu na nyuzi. Huko Unguja na Pemba watu huchambua karafuu, wakizitoa katika vikonyo vyake. Kazi hizi hazipendi haraka. Sharti vidole viguse kila jani na kila kikonyo. Iko kazi nyingine ya namna hiyo hiyo ifanywayo kwa kalamu, yaani kuandika insha ya kuchambua mchezo wa kuigiza. Leo nataka kuinena, na mifano yangu nitaitoa katika michezo ya nchi ya Uskoti, kwa kuwa ndiyo niliyoisoma na kuiandikia insha kwa miaka mingi.

Waskoti si wageni kabisa kwetu. Livingstone alizaliwa kwao, katika mji wa Blantyre karibu na Glasgow, mwaka 1813. Na wamisionari wa Kanisa la Uskoti walifanya kazi ya Injili, ya shule na ya hospitali huko Kikuyu na Tumutumu katika nchi ya Kenya. Lakini twawajua kwa mimbara zao, hatuwajui kwa michezo yao. Tena mimbara na mchezo katika nchi ile vina habari ndefu pamoja. Mwaka 1552 katika mji wa Cupar, na tena mwaka 1554 katika Edinburgh, ulichezwa mchezo wa Sir David Lindsay uitwao Ane Satyre of the Thrie Estaitis, uliowakemea mabwana, wafanyabiashara na makasisi kwa udhalimu wao. Baada ya Matengenezo ya Kanisa ya mwaka 1560 viongozi wengi wa Kanisa waliitazama michezo kwa jicho la mashaka. Hata mwaka 1756 mchungaji mmoja, John Home, alipotunga mchezo uitwao Douglas nao ukachezwa Edinburgh, palitokea kelele kubwa kati ya wachungaji wenzake, na mwaka 1757 akauacha uchungaji. Walakini mwaka 1948 ule mchezo wa kale wa Lindsay ulifufuliwa Edinburgh, ukachezwa ndani ya ukumbi wa Mkutano Mkuu wa Kanisa la Uskoti. Mchezo uliowakemea watu wa dini ukakaribishwa katika nyumba ya watu wa dini. Naona jambo hilo ni la heshima kwa Kanisa lile.

Sasa, insha ya uchambuzi ni nini? Katika shule za Uskoti wanafunzi wakubwa hutakiwa kuiandika katika mtihani wao uitwao Higher, nao hupata taabu ile ile wapatayo wanafunzi wa kwetu. Mwanafunzi anayeanza hudhani ameambiwa asimulie hadithi. Huandika: kwanza ilikuwa hivi, kisha ikawa vile, akajaza kurasa nne bila kusema neno ambalo aliyeusoma mchezo halijui. Mwingine hudhani amepandishwa mimbarani. Huhubiri juu ya ulevi na uvivu, na mchezo wenyewe ausahau. Wa tatu husifu tu, kwamba mtunzi ni hodari na maneno yake ni matamu.

Insha ya uchambuzi yasimama juu ya mafiga matatu. La kwanza ni dai, yaani neno moja ulisemalo juu ya mchezo, ambalo mwenye akili aweza kulikataa. La pili ni ushahidi, yaani maneno au matendo ya mchezo wenyewe, na mahali yalipo. La tatu ni maelezo, yaani kuonyesha jinsi neno lile au tendo lile linavyoleta maana ile uliyoidai. Ukiondoa figa moja, chungu chamwagika. Wazee wetu hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa maana ndiyo desturi ya baraza. Mtu hawezi kusimama akasema, "Fulani ni mwizi," kisha akaketi. Ataulizwa: Ulimwona wapi? Alichukua nini? Na kitu hicho chaonyeshaje kwamba ameiba, wala hakupewa?

Nitachukua mchezo mmoja nikae nao. Jina lake ni Men Should Weep, maana yake, Yawapasa Wanaume Kulia. Aliyeutunga ni mwanamke, Ena Lamont Stewart, aliyezaliwa Glasgow mwaka 1912, binti wa mchungaji. Alipata kufanya kazi ya kuwapokea wagonjwa katika hospitali ya watoto ya Glasgow, akawaona akina mama maskini wakija na watoto wao mikononi. Mchezo ulichezwa kwanza mwaka 1947 na kikundi cha Glasgow Unity. Baadaye aliuandika upya, akaubadili mwisho wake uliokuwa wa giza na mauti. Na maandiko hayo mapya yalichezwa mwaka 1982 na kikundi kiitwacho 7:84. Hayo ya pili ndiyo nitakayoyanena.

Habari zake ni za miaka ya 1930 katika mitaa ya maskini ya Glasgow. Kazi zilikuwa zimekufa. Hata ile meli kubwa iliyojengwa kando ya mto Clyde, ambayo baadaye iliitwa Queen Mary, ilisimama bila kujengwa tangu Desemba 1931 hata Aprili 1934, na maelfu ya mafundi wakakaa bure. Katika siku hizo twamwona Maggie Morrison, mama wa watoto wengi, akiishi na mumewe John, na watoto wao, na bibi mzee, katika nyumba finyu yenye unyevu. John hana kazi. Mtoto wao Bertie ana kifua kikuu, naye alazwa hospitalini. Wala hawezi kurudishwa katika nyumba ile, kwa kuwa itamwua. Binti yao mkubwa, Jenny, achoka na maisha yale, aondoka nyumbani. Wakati wa Krismasi John amepata kazi, amemnunulia mkewe kofia nyekundu, na furaha imeanza kurudi. Ndipo Jenny atokea mlangoni na fedha mkononi, ili mama yake apange nyumba kavu na Bertie arudi kwao. Lakini Jenny anaishi na mwanamume asiyefunga naye ndoa. John azikataa fedha zile kwa maneno makali, akizitaja kuwa ujira wa uzinzi. Maggie azipokea.

Mzee mmoja wa kanisa letu, mtu apendaye kusoma, aliniomba insha niliyoiandika juu ya mchezo huu. Baada ya wiki moja alinijia jioni, akaketi, akasema, "Mwalimu, nimeisoma yote. Lakini naona mtunzi amempa yule binti mpotevu neno la mwisho. Je, yafaa vijana wetu wafundishwe kwamba fedha za dhambi ni njema?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, swali lako ni zito, nami sitaki kulikwepa. Tulifanye kama kesi ya barazani. Dai lako ni kwamba mchezo wasifu dhambi. Tuutafute ushahidi."

Tukaanza na neno la mwisho. Tulipofungua kitabu tukaona kwamba si la Jenny, bali ni la Maggie. Naye hanenu habari za fedha wala za raha. Anena habari za nyumba ya vyumba vinne na maua yatakayochanua majira ya kuchipua yatakapofika. Mama aliyelala miaka yote kati ya watoto wanaokohoa ahesabu vyumba. Basi ikiwa mtunzi ametuachia kitu cha kukaa masikioni mwetu, ametuachia hesabu hiyo ya mama.

Kisha tukamtazama John. Mzee alimhurumia, nami vile vile, kwa maana mtunzi hakumfanya kuwa mtu mbaya. Ameacha pombe, ampenda mkewe, na aibu ya kukosa kazi imemwinamisha. Lakini mtunzi alikwisha kutuonyesha jambo jingine mapema. Maggie arudi nyumbani amechoka baada ya kusafisha nyumba za watu wengine, naye akuta mumewe na jamaa wengine wamekaa, wala hapana aliyeinua mkono kufanya kazi ya nyumbani. Siku ile Maggie apasuka kwa hasira, kisha ajutia hasira yake. Mtu asomaye upesi huliona jambo hilo kuwa ni ugomvi wa nyumbani tu. Mchambuzi huliweka akiba. Kwa maana John asimamapo mwishoni kuinena heshima ya nyumba yake, sisi tumekwisha kuona ni nani aliyeibeba nyumba ile mabegani.

Tena tukayatazama maneno ya Maggie siku ile ya mwisho. Muda wote wa mchezo ndugu yake Lily amemsema John vibaya, na Maggie amemtetea mumewe kila mara. Mwishoni ageuka. Amkumbusha John, mbele ya watu, kwamba katika siku za uchumba wao yeye naye hakuwa mtakatifu. Jambo hili ni la aibu, na mtunzi ataka tulione kuwa la aibu. John hana jibu. Lakini nguvu yake yatoka katika ukimya wa kwanza. Kama Maggie angalikuwa mwanamke wa kumtukana mumewe kila siku, neno lile lisingalikuwa kitu. Kwa kuwa alimficha miaka yote, siku amfunuapo twajua kwamba kiasi kimefika.

Na ile kofia nyekundu je? Mzee alicheka nilipoitaja, akasema kofia ni kofia. Walakini katika mchezo hakiletwi kitu jukwaani bila sababu. Kofia ni upendo wa kweli wa John. Yatukumbusha kwamba Maggie alikuwa msichana naye alipendeza. Lakini kofia haiondoi unyevu ukutani. Vitu viwili vyaletwa nyumbani siku moja, kofia ya baba na fedha za binti. Cha kwanza ni safi, lakini hakiwezi kumrudisha Bertie. Cha pili chaweza, lakini si safi. Mtunzi ameviweka karibu ili tuumie tunapovitazama.

Basi nikamwambia mzee dai langu. Mchezo huu hauiti uovu wema. Jenny mwenyewe asimulia jinsi alivyofika karibu na kujitupa mtoni. Hiyo si sifa ya maisha aliyoyachagua. Mchezo watuuliza swali jingine: ilikuwaje katika mji mkubwa kama ule, wenye makanisa na viwanda na watu matajiri, mlango mmoja tu ukafunguka kwa mtoto mgonjwa, nao ukawa mlango ule? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyelala katika nyumba kavu huziona fedha za Jenny peke yake. Mtunzi atulaza kwanza katika nyumba ile muda mrefu, ndipo atuonyeshe fedha.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Fedha zile bado sizipendi, Mwalimu. Lakini nyumba ile siipendi zaidi." Sikuwa na neno la kuongeza.

Yako mambo mawili tena ambayo mchambuzi hapaswi kuyaruka. La kwanza ni lugha. Watu wa mchezo huu hawasemi Kiingereza cha vitabuni, bali wasema Kiskoti cha mitaa ya Glasgow. Kwa muda mrefu lugha ya namna hiyo jukwaani ilikuwa ya kuchekesha watu. Fikirini habari za wavuvi wa Lamu zikichezwa, na wavuvi wote wanene Kiswahili cha darasani, kitu kingalipotea. Ena Lamont Stewart aliwapa akina mama maskini lugha yao wenyewe ili wanene kwayo huzuni na mzaha na hekima. Asiyeiona lugha hiyo hajauona mchezo nusu yake.

La pili ni yale yasiyosemwa. Mchezo hautungwi uwe wa kusomwa tu, bali uchezwe na watu wenye miili. Katika mchezo uitwao Black Watch, ulioandikwa na Gregory Burke na kuchezwa mwaka 2006, pana habari za askari Waskoti waliopelekwa Iraq mwaka 2004. Una maneno machafu ya kambini, wala siusemi kuwa ni wa watoto. Lakini pana mahali askari wapokea barua kutoka kwao. Hawazisomi kwa sauti; kila mmoja aisoma kimya, kisha mikono yake yaanza kunena kwa ishara, na kila mmoja ana ishara zake. Mwanafunzi atafutaye ushahidi katika maneno tu atapapita mahali pale kama shamba tupu.

Nije sasa kwenye jambo gumu kwetu sisi watu wa Kanisa. Mwaka 1973 kikundi kile cha 7:84 kilicheza mchezo wa John McGrath uitwao The Cheviot, the Stag and the Black, Black Oil. Kikundi kilijiita hivyo kwa sababu ilihesabiwa kwamba watu 7 katika kila 100 walikuwa na sehemu 84 katika kila 100 za mali yote ya nchi. Cheviot ni aina ya kondoo, stag ni kulungu dume, na mafuta ni yale yaliyopatikana chini ya bahari ya Kaskazini. Mchezo wasimulia jinsi wakulima wa milima ya Uskoti walivyofukuzwa katika mashamba yao ili kondoo walishwe, kisha matajiri wakapata kuwinda kulungu, kisha makampuni yakaja kwa ajili ya mafuta. Ulichukuliwa katika kumbi za vijiji huko kaskazini, ukachezwa kwa namna ya karamu ya jioni ya kienyeji, yenye zeze na nyimbo na hadithi, na watazamaji wakaimba pamoja na wachezaji. Na katika mchezo huo wachungaji wachekwa, kwa kuwa wawahubiria watu wanaofukuzwa kwamba mateso yao ni adhabu ya dhambi zao.

Mkristo aandikapo insha juu ya mchezo huu ana majaribu mawili. Aweza kukasirika, akaandika kwamba ni uongo mtupu. Au aweza kufurahi kupita kiasi, akaandika kwamba wachungaji wote ndivyo walivyo. Mchambuzi hafanyi hilo wala hili. Kwanza aeleza mchezo waonyesha nini, na kwa njia gani: kwamba kicheko chaja upesi baada ya machozi, na ya kuwa mtazamaji wa kijijini, ambaye babu zake walifukuzwa, apewa nafasi ya kuwacheka wakubwa kwa mara ya kwanza. Ndipo aupime kwa historia. Ni kweli kwamba Patrick Sellar, msimamizi wa mashamba huko Sutherland aliyewafukuza watu wa bonde la Strathnaver, alishtakiwa mwaka 1816 akaachiliwa. Ni kweli kwamba wachungaji wengi walinyamaza, au walisimama upande wa mabwana. Sababu yake yajulikana: mwenye ardhi alikuwa na haki ya kumchagua mchungaji wa mtaa, na aliyewekwa na bwana aliona vigumu kumkemea bwana. Lakini ni kweli pia kwamba alikuwako Donald Sage, mhubiri aliyewahubiria watu wa Strathnaver mahubiri ya kuagana mwaka 1819, akahuzunika pamoja nao na kuuandika udhalimu ule. Na mwaka 1843 wachungaji zaidi ya 450 waliyaacha makanisa yao, nyumba zao na mishahara yao, ili Kanisa lisichaguliwe wachungaji na wenye mali.

Mkiyaweka hayo yote pamoja, insha yaweza kusema neno la haki: kwamba mchezo umewapiga wachungaji mahali palipostahili kupigwa, na ya kwamba historia ni pana kuliko kicheko chake. Neno hilo lina manufaa kwa Kanisa kuliko hasira, nalo lina manufaa kwa mchezo kuliko sifa tupu.

Kwa walimu wenzangu na vijana wanaojiandaa kwa mitihani, nawapa ushauri mfupi. Usomeni mchezo kwa sauti, mkigawana watu wake, kabla ya kushika kalamu. Usomeni tena kimya. Liandikeni dai lenu kwa sentensi moja. Ikiwa halitoshi katika sentensi moja, bado hamjalijua. Kila mtoapo ushahidi jiulizeni: Je, mtu mwingine aweza kuutumia ushahidi huu kinyume changu? Mtajeni mtu huyo kwa heshima na mmjibu. Wala msinakili insha za wengine, ambazo siku hizi zapatikana kwa urahisi mno, maana aliyechambuliwa mboga na jirani hajui kama majani mabovu yametolewa.

Na ninyi wazazi msiofanya mtihani wowote, msidhani kwamba mambo haya si yenu. Vijijini mwetu habari za binti aliyeondoka nyumbani hufika kisimani kabla ya jua kupanda. Hukumu hutolewa pale pale, ndoo zikiwa bado hazijajaa. Ni nani aulizaye nyumba aliyoiacha ilikuwaje? Ni nani aliyeona, na aliyesikia tu ni nani? Tumefundishwa amri ya kutomshuhudia jirani uongo. Uongo haufanywi kwa kubuni tu. Hufanywa pia kwa kutotazama vizuri. Kijana aliyezoea kumtendea haki John na Maggie na Jenny, ambao ni watu wa kitabuni tu, ana njia ya kujifunza kumtendea haki jirani aliye na damu na machozi.

Mungu atujalie macho ya kuchambua, na subira ya kugusa kila jani kabla hatujalitupa.